RAM mpya si mbovu, haijakaa tu

"Fundi, nimeongeza RAM, sasa mashine haionyeshi kitu. RAM ni mbovu." Wiki hii nimeletewa tatu za namna hiyo, na zote tatu RAM (kumbukumbu ya muda ya kompyuta) ilikuwa nzima.

Kioo kikibaki cheusi baada ya kuongeza RAM, anza kushuku jinsi ulivyoichomeka. RAM ya desktopu inataka nguvu kuliko watu wanavyodhani: isukume ncha zote mbili mpaka kibano kijifunge chenyewe na usikie "ka!". Ya laptopu huingizwa kwa mshazari, sehemu ya dhahabu izame karibu yote ndani ya sloti, ndipo uilaze. Wengi huilaza ikiwa nusu njiani, vibano vinashika, wanafunga mfuniko. Hiyo haijakaa!

Ichomoe uanze upya. Toa chaja na betri, bonyeza kitufe cha kuwashia sekunde kumi hivi umeme uliobaki uishe. Weka RAM mpya peke yake, sloti moja, kisha jaribu sloti nyingine. Ikiwaka huku ikagoma kule, lawama ni ya sloti, aghalabu vumbi tu. Dhahabu ifute kwa kitambaa laini chenye spiriti kidogo. Msasa kamwe, nawasihi. Unakwangua dhahabu yenyewe.

Na mwenye DDR5, RAM ya kizazi kipya, subiri. Mashine ikikuta RAM ngeni huipima kwanza, kioo kikiwa cheusi, na inaweza kuchukua dakika kadhaa. Ukizima katikati, itaanza tena mwanzo.

"DDR3 zote ni sawa." Si kweli, hizi RAM za kizazi cha zamani hutofautiana. Laptopu za Intel kizazi cha 4, za kuanzia 2013, zinataka DDR3L ya volti 1.35. Ukiweka ile ya volti 1.5 pekee, inaingia vizuri kabisa na mashine haiwaki. Soma lebo kabla ya kulipa.

"Kuchanganya spidi kunaunguza mashine." Hakuunguzi. Zote zitakwenda kwa spidi ya ile ya polepole.

"Nimeweka GB 8, naona 3 na pointi, nimetapeliwa." Hujatapeliwa. Yaelekea Windows yako ni ya biti 32, na Windows 10 ya aina hiyo haivuki GB 4. Weka ya biti 64, ila hamisha mafaili yako kwanza, maana hapo ni kusakinisha upya kabisa.