Nahodha wa skuna bahari inapofungwa: dhana potofu na ukweli

Katika jimbo la Maine, kaskazini-mashariki mwa Marekani, skuna (vyombo vya matanga vyenye milingoti miwili au zaidi) za miji ya Camden na Rockland hubeba abiria kuanzia mwishoni mwa Mei hadi katikati ya Oktoba. Biashara hiyo aliianzisha Frank Swift mwaka 1936, wakati malori na meli za injini zilikwisha kuzinyang'anya skuna mizigo yake. Msimu wenyewe ni miezi minne na nusu. Ile saba na nusu inayobaki ndiyo watu huizungumzia bila kuijua.

Dhana: Msimu ukiisha, nahodha amepumzika.

Hii ndiyo inayoniuma zaidi, maana nimekulia karibu na majahazi na najua chombo cha mbao hakina likizo. Abiria wa mwisho wakishashuka, matanga hushushwa na kukaguliwa mshono kwa mshono, yaliyochakaa yakapelekwa kwa mshonaji. Kapi hufunguliwa moja moja, zikapigwa msasa na kupakwa vanishi. Kazi hiyo hufanyiwa ghalani penye moto, kwa sababu nje baridi imeshuka chini ya sifuri na rangi haikauki. Juu ya sitaha hupigwa fremu za mbao, kisha chombo chote kikafunikwa plastiki nzito. Ukipita bandari ya Camden mwezi wa Januari utaona kama mabanda marefu yanayoelea. Humo ndani mna watu wanang'oa mbao zilizooza na kutia nyingine.

Dhana: Chumvi ndiyo adui wa mbao.

Ni kinyume chake. Maji ya bahari huihifadhi mbao. Kinachoiozesha ni maji ya mvua na theluji iliyoyeyuka, yakipenya kwenye nyufa za sitaha na kutuama juu ya mataruma, yaani mbavu za chombo, hadi kuvu ikamea. Mafundi wa zamani walikuwa wakijaza chumvi ya mawe kati ya mataruma chombo kingali kinajengwa, ili maji yoyote yatakayopenya yageuke ya chumvi. Plastiki ile basi kazi yake ni kuyazuia maji ya mbinguni.

Tena skuna hazipandishwi nchi kavu kipindi chote cha baridi. Hubaki zikielea. Ubao ukikaa mkavu kwa miezi husinyaa, viungo vikaachana, na siku ya kushushwa chombo kikavuja kila upande. Mtu wa Matondoni kule Lamu, au wa Nungwi kule Unguja, vijiji vya waunda majahazi, hahitaji kuelezwa hilo.

Hupandishwa majira ya kuchipua, tena kwa siku chache tu, juu ya reli inayoteremka hadi majini. Hapo mwili wa chombo hukwanguliwa, ukapakwa rangi na kutiwa kalafati, yaani nyuzi za kuziba viungo vya mbao. Sisi wa pwani ya Afrika Mashariki hutumia pamba na mafuta. Wao hutumia pamba na nyuzi za katani zenye lami ya msonobari, wakizipigilia kwa patasi butu na nyundo ya mbao. Fundi hodari huutegea sikio mlio wa nyundo: mlio ukibadilika, ajua kiungo kimeshiba.

Dhana: Nahodha kazi yake usukani, mbao ni za mafundi.

Skuna ya Heritage, iliyoshushwa majini Rockland mwaka 1983, ilijengwa na manahodha wake wenyewe, Doug na Linda Lee. Nayo Lewis R. French ni ya mwaka 1871, lakini asidhani mtu kwamba mbao zote anazozikanyaga leo ni za mwaka huo. Ilijengwa upya kwa sehemu kubwa katika miaka ya 1970, na tangu hapo ubao hutoka na ubao huingia. Nahodha aliyeutia ubao kwa mkono wake ndiye anayejua, upepo ukikaza, tanga lipi alipunguze na mapema kiasi gani. French haina injini ndani yake. Upepo ukikatika, husukumwa na mashua ndogo yenye mota. Kwa chombo cha namna hiyo, kuzijua mbao na kuujua upepo ni elimu moja.

Dhana: Wote huhamia Karibi.

Wapo wanaokwenda kupeleka mashua za wengine kusini. Wengi hubaki, na baadhi yao hufanya useremala kujazia kipato, kwa sababu nauli za miezi minne na nusu ndizo zinazolipa bima, lami, matanga na chakula cha nyumbani mwaka mzima. Skuna nyingi ni mali ya familia. Mume akiwa ghalani, mara nyingi mke yuko kwenye simu akiwaandikia abiria nafasi za Julai, au mke ndiye nahodha na mume ndiye mwenye simu.

Dhana: Cheti cha unahodha ukikipata umemaliza.

Leseni huhuishwa kila miaka mitano, pamoja na uthibitisho wa afya. Chombo nacho hukaguliwa kila mwaka na Walinzi wa Pwani kabla ya kupakia mtu.

Kabla ya msimu kuanza plastiki huchanwa, matanga yakafungwa tena. Chombo kilichotoka kwenye reli huvuja kidogo mwanzoni, hata kikiwa kimetiwa kalafati vizuri. Usiku wa kwanza nahodha husikiliza pampu: inafanya kazi mara ngapi, na je, muda kati ya mara moja na nyingine unarefuka, mbao zikivimba na viungo vikifunga.