Radiani: Kuipima Pembe kwa Rediasi ya Duara Lenyewe

Kila mwaka ninapofika kwenye mada ya radiani na wanafunzi wangu wa kidato cha tatu hapa Kisumu, siandiki lolote ubaoni kwanza, bali huingia darasani na gurudumu. Ni gurudumu la baiskeli ya Black Mamba, nililolinunua kwa fundi mmoja wa soko la Kibuye baada ya spoki zake kadhaa kukatika. Mwanafunzi mmoja huunyosha uzi wa katani kutoka katikati ya ekseli hadi ukingo wa nje wa tairi, kisha huukata hapo. Uzi huo wenye urefu wa takriban sentimita 35 ndio rediasi. Mwenzake huulaza juu ya tairi, ukifuata mviringo wake, na kutia alama ya chaki kila unapoanzia na unapoishia.

Pembe inayofanyika kwenye ekseli kati ya alama hizo mbili ni radiani moja, sawa na digrii 57.3 hivi. Tukiendelea kuulaza uzi huo huo, unaenea mara sita, na kabla ya kuirudia alama ya kwanza hubaki pengo la karibu sentimita 10. Pengo hilo ndilo ninalotaka walione kwa macho yao. Mzingo mzima ni rediasi mara 2π, yaani mara 6.283, na ile 0.283 iliyozidi sita, ikizidishwa kwa sentimita 35, ni sentimita 9.9. Baadaye tunarudia zoezi lilo hilo kwa mfuniko wa sufuria na uzi mfupi zaidi, na pembe inatoka ile ile.

Digrii 360 tulizirithi kutoka kwa Wababeli, waliohesabu kwa sitini sitini, na sizidharau, kwa sababu 360 hugawanyika kwa urahisi kwa 2, 3, 4, 5 na 6. Hata hivyo, hakuna chochote ndani ya duara kinachoidai namba hiyo. Mwanahisabati Mwingereza Roger Cotes alikwisha kuieleza pembe ya namna hii mwaka 1714 bila kuipa jina, na jina lenyewe lilionekana kwenye karatasi ya mtihani ya mhandisi James Thomson huko Belfast mwaka 1873.

Faida ya kwanza huonekana mara moja: urefu wa tao ni rediasi mara pembe, s = rθ, basi. Anayetumia digrii hulazimika kuibeba π/180 katika kila hatua. Katika trigonometria faida ni kubwa zaidi, kwa sababu pembe ikiwa ndogo, sini yake hukaribiana sana na pembe yenyewe: sini ya radiani 0.1 ni 0.0998. Ndiyo maana, katika kalkulasi, mnyambuo wa sini (yaani kasi ya kubadilika kwake) ni kosini tupu pale tu pembe inapopimwa kwa radiani. Nimesahihisha karatasi nyingi ambazo kazi yote ni safi isipokuwa kikokotoo kiliachwa kwenye digrii, kikatoa 0.0175 kuwa sini ya 1 badala ya 0.8415, na huumia kila ninapozifuta alama hizo.

Katika fizikia ya kidato cha nne, radiani hugeuka kuwa suala la uhai. Kasi ya pembe, ω, ni idadi ya radiani zinazozungukwa kwa sekunde moja, na kasi ya mwendo ni v = rω. Chukua pikipiki ya bodaboda inayopinda kwenye kona yenye rediasi ya mita 40, ikienda kilomita 36 kwa saa, yaani mita 10 kwa sekunde. Kasi yake ya pembe ni radiani 0.25 kwa sekunde, na mchapuko wake (yaani badiliko la kasi kila sekunde) kuelekea kitovu cha kona, ω²r, ni 2.5 m/s². Dereva akiongeza mwendo hadi kilomita 72 kwa saa, ω inakuwa 0.5, lakini kwa kuwa tunaizidisha kwa yenyewe, mchapuko unaruka hadi 10 m/s², unaozidi hata ule wa uvutano wa dunia. Msuguano wa tairi na lami ya kawaida hauwezi kuumudu mchapuko huo barabara ikiwa tambarare, sembuse ikiwa na mchanga au imelowa mvua. Mwendo umeongezeka maradufu, na kani inayohitajika imekuwa mara nne. Hesabu hii huifanya polepole, mstari kwa mstari, kwa sababu karibu kila mwanafunzi wangu hupanda bodaboda.

Mfano wa mwisho uko Maseno, mahali Ikweta inapoikata barabara ya kutoka Kisumu kwenda Busia. Dunia huzunguka radiani 2π kwa sekunde 86,164, kwa hiyo ω yake ni radiani 0.0000729 kwa sekunde. Ukizidisha kwa rediasi ya kilomita 6,378, unapata kwamba aliyesimama pale kando ya barabara anasafirishwa mita 465 kila sekunde. Wanafunzi huuliza kwa nini basi harushwi, ilhali bodaboda ya mita 20 tu kwa sekunde inateleza konani. Jibu limo katika ω²r: kwake yeye ni 0.034 m/s² tu.