Mbao au tailizi? Liulize jamvi kwanza

Wateja wengi hunijia na picha za sakafu ya mbao kwenye simu. Mimi huuliza kwanza nyumba iko wapi, na chumba kiko chini au ghorofani. Kinachoamua ni unyevu. Urembo tutauzungumza baadaye.

Mbao haiachi kunywa unyevu wa hewani, hata ukiipaka vanishi. Hutanuka zaidi kwa upana, kwa urefu kidogo mno. Masika yakiingia Dar es Salaam au Tanga, sakafu iliyobanwa ukuta kwa ukuta hukosa pa kwenda, ikainuka katikati. Ndiyo maana tunaacha nafasi ya milimita 10 hadi 12 pembeni, skatingi, ule ubao wa chini ya ukuta, inaificha.

Hatari kubwa zaidi hutoka chini. Jamvi, yaani sakafu ya zege juu ya ardhi, lililomwagwa bila nailoni chini yake huvuta maji ya ardhini miaka nenda miaka rudi. Hata lenye nailoni lina maji yake lenyewe: kwa makadirio ya kawaida, sakafu ya saruji yenye unene wa milimita 50 huhitaji kama siku 50 za hewa kavu, na pwani ni zaidi. Bandika kipande cha nailoni, nusu mita kwa nusu mita, uzibe kingo zote kwa utepe, ukiache mpaka kesho yake. Ukikuta matone chini yake au saruji imekoza rangi, usithubutu kuweka mbao.

Kwa nyumba ya chini iliyoko pwani nashauri tailizi bila kusita, tena za poselini, ambazo hunywa maji yasiyozidi nusu asilimia ya uzito wake. Bafuni na jikoni weka zenye uso mkavu wa kukwaruza. Tafadhali, kama unaishi na wazee, za kung'aa ziache dukani. Na fundi asibandike kwa mabonge manne ya gundi pembeni. Gundi ienee chini yote. Gonga kila kipande ikishakauka, na kinacholia kama ngoma king'olewe.

Ghorofani, au kwenye baridi ya Njombe na Arusha, mbao ni raha ya mguu. Mninga hutanuka na kusinyaa kidogo kuliko mbao nyingi, lakini kataa ile sehemu nyeupe ya nje, wadudu huanzia hapo. Ikichakaa, unaipiga msasa na kuipaka upya. Tailizi ikipasuka hubadilishwa, kwa hiyo nunua katoni moja ya ziada ya toleo lilelile. La mwakani rangi yake huenda isilingane.