Kubaki katika Uhusika: Acheni Kurudisha Mchezo Nyuma

"Mhusika wangu asingeshindwa hapa, kwa hiyo nimerudisha mchezo nyuma." Wachezaji wanaoniomba ushauri kuhusu gemu za kuigiza uhusika huniambia maneno haya mara kwa mara, tena kwa uhakika wa mtu anayeamini kwamba anaulinda uhusika wenyewe. Mhusika ni msemaji hodari, anamshawishi mlinzi amfungulie lango, dadu ya gemu inayoamua kama amefaulu inaangukia namba ndogo, na papo hapo mchezaji anafungua faili alilohifadhi dakika chache kabla.

Ukweli ni kwamba uhusika haukai katika matokeo. Unakaa katika nia na uamuzi, na zaidi katika yale ambayo mhusika anayatenda baada ya mambo kumharibikia. Msemaji hodari aliyekataliwa na mlinzi angali msemaji hodari, ila sasa analazimika kuchagua kama atatoa rushwa, ataparamia ukuta usiku au atarudi alikotoka, na hapo ndipo tunapoanza kumjua. Anayerudisha mchezo nyuma anaufuta wakati huo, na kuanzia hapo anayeamua si mhusika tena bali ni mchezaji, ambaye tayari anajua mlinzi atajibu nini.

Watengenezaji wa gemu wanalielewa jambo hili. Katika Disco Elysium ya mwaka 2019, majaribio mekundu, yaani yale ya dadu yaliyowekewa rangi nyekundu, hufanywa mara moja tu, na kushindwa kumeandikiwa maneno na matukio yake kwa uangalifu, hata baadhi ya sehemu bora za hadithi hiyo hazionekani na anayeshinda kila jaribio. Baldur's Gate 3, iliyotoka mwaka 2023, hurusha dadu ya pande 20 mbele ya macho ya mchezaji, na kabla ya mwaka huo kwisha iliongezewa hali ya Honour, yenye faili moja tu la kuhifadhia. Simlazimishi mtu kuicheza hali hiyo, kwa kuwa mapigano yake ni magumu mno. Ninachosisitiza ni kuhifadhi pale tu mhusika anapolala, na kurudi nyuma kwa sababu mbili pekee: programu imepata hitilafu, au jibu ulilolichagua limetamkwa kwa maana tofauti kabisa na ile uliyoisoma.

Wengine huamini kwamba lazima waandike wasifu mrefu kabla ya kuanza. Gemu haitausoma. Inatosha kujua mhusika anataka nini na ni jambo gani hatalitenda hata akilipwa.

Wapo pia wanaodhani kwamba mhusika mwema sharti achague jibu la upole kila mara. Mass Effect 2 ya mwaka 2010 ilichangia kuijenga tabia hii, kwa sababu baadhi ya majibu yenye nguvu hufunguka kwa aliyelimbikiza alama za upande mmoja, wa wema au wa ukali. Mtu mwema hukasirika, na alama zilizopotea si hasara ya uhusika.

Kuhusu mhusika anayeweza kila kitu, Skyrim ya mwaka 2011 humruhusu mtu mmoja kuongoza chuo cha wachawi na chama cha wezi kwa pamoja, lakini ruhusa si wajibu, nawe unaweza kukataa. Fallout ya mwaka 1997 ilikwenda kinyume: mhusika mwenye akili ndogo mno hushindwa hata kuzungumza sawasawa, na udhaifu huo ndio unaomfanya akumbukwe.

La mwisho ni dhana kwamba uhusika huishia kwenye mazungumzo. Mganga aliyeapa kutoua, kisha akawamaliza majambazi wote barabarani kwa kuwa hakuna aliyemwuliza swali, ameshakivunja kiapo chake. Gemu nyingi za aina hii zina uchawi wa kulaza maadui au njia ya kuwapita kimyakimya, basi mganga huyo na apitishwe huko, hata kama atakosa alama za uzoefu ambazo mapigano yangempa.