Kompyuta Mpya ya Familia: Akaunti Kwanza, Michezo Baadaye

Kompyuta mpya ikitolewa tu kwenye boksi, kila mtu nyumbani anataka kuigusa. Mkubwa anayapita haraka maswali ya mwanzo, anafungua akaunti moja, kisha wote wanaitumia hiyo hiyo. Matatizo mengi tunayoletewa sisi wa usalama wa mifumo yanaanzia hapo.

Akaunti ya kwanza huwa ya msimamizi. Anayeitumia anaweza kusakinisha programu yoyote, kuzima kinga, hata kufuta akaunti za wengine. Programu hasidi ikipenya kupitia kwake, hupata njia rahisi ya kushika mamlaka hayo hayo. Basi iache kwa kazi za kusakinisha na kurekebisha tu, na umfungulie kila mmoja akaunti yake ya kawaida, wewe mwenyewe ukiwemo. Wazazi wengi huwafungulia watoto na kujisahau, ilhali wao ndio wanaofungua viambatisho vya barua pepe kutwa nzima.

Chukua mtoto aliyepakua mchezo wa "bure" kutoka tovuti asiyoijua. Akiufungua kwenye akaunti ya msimamizi ya Windows, kwa kawaida hutokea dirisha linalouliza Ndiyo au Hapana, na mtoto mwenye hamu ya kucheza habofyi Hapana. Kwenye akaunti ya kawaida, dirisha hilo hudai nenosiri la msimamizi, kwa hiyo itambidi akuite. Hapo unapata nafasi ya kuuliza mchezo umetoka wapi. Kinga hii ina mipaka: zipo programu zinazojisakinisha ndani ya akaunti ya mtumiaji bila kuomba ruhusa ya mtu, na mafaili yake yanaweza kuharibiwa humo humo.

Kabla ya kuanza kuzurura mtandaoni, sakinisha masasisho yote, maana mashine huenda imekaa ghalani miezi kadhaa. Mwezi Machi 2017 Microsoft ilitoa kiraka, yaani sasisho la kuziba udhaifu, ambao baadaye ulitumiwa na WannaCry, programu hasidi inayofunga mafaili na kudai fidia. Shambulio lenyewe lilikuja Mei, likakwamisha hata hospitali za Uingereza. Kiraka kilikuwepo, ila kompyuta nyingi hazikuwa zimewekewa. Na kama "mpya" yenu ilishatumiwa na mtu mwingine, angalia toleo lake: msaada wa kawaida wa Windows 10 ulikoma tarehe 14 Oktoba 2025.

Kuhusu kinga dhidi ya virusi, Windows inakuja na Defender, nayo inawatosha watu wengi nyumbani. Ukikuta nyingine ya majaribio ambayo huna nia ya kuilipia, iondoe mapema, kwa sababu Defender hukaa pembeni nyingine ikiwa kazini.

Jambo linalosahaulika zaidi ni ufunguo wa urejeshaji. Kompyuta nyingi za Windows 11 husimba diski zenyewe, yaani hugeuza data isisomeke bila ufunguo, ukiingia kwa akaunti ya Microsoft, na ufunguo wake wa tarakimu 48 huhifadhiwa kwenye akaunti hiyo. Uingie uutazame, uuandike kwenye karatasi, na karatasi hiyo uiweke mbali na kompyuta. Bila ufunguo huo, siku mashine ikiudai ghafla baada ya matengenezo, picha na hati zilizomo hazitafunguka, hata kwa fundi. Ndiyo maana nakala ya pili kwenye diski ya nje ni ya lazima. Ukimaliza kunakili, ichomoe: programu ya kudai fidia husimba pia diski inayoikuta imechomekwa. Ila kabla ya kuichomoa, jaribu kufungua mafaili mawili matatu kutoka kwenye nakala hiyo, uone kama kweli yanafunguka.