Kijani cha angani, maji ya bondeni

Ukitazama picha ya setilaiti ya nyanda za Mufindi, kusini mwa Tanzania, iliyopigwa Septemba, nyasi za vilimani zikiwa zimeshakauka, utaona mistari ya kijani ikifuata mabonde. Wengi hufurahi: kumbe vyanzo vya mto Ruaha Mdogo vipo salama! Mimi huomba tusubiri kwanza. Kijani hicho kinaweza kuwa msitu wa asili, vinyungu, yaani bustani za bondeni, vya mahindi na maharage, au milingoti (mikaratusi). Vyote vinang'aa, lakini mto hauvioni sawa.

Setilaiti hupima mwanga unaorudishwa na majani, ukiwemo wa infraredi ambao macho yetu hayauoni. Picha moja inatosha kusema pana majani. Mti ni upi, bado. Ndiyo maana sisi tunaorudisha misitu ya vyanzo tunapanga picha za miaka mingi, na bahati nzuri zipo: setilaiti ya kwanza ya Landsat ilirushwa mwaka 1972, na tangu 2008 picha zake hutolewa bure. Zikipangwa hivyo, kinyungu huwaka na kuzimika kwa kila msimu. Milingoti hukua miaka kadhaa, ikakatwa, ikachipua tena. Msitu wa asili umetulia.

Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya Tanzania ya 2004 inazuia shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto. Kwa Landsat, ambayo kila kiraba cha picha yake ni mita 30, hivyo ni viraba viwili tu! Setilaiti za Sentinel-2 hutupa sita, vya mita 10. Kijito chembamba hupotea humo, na hapo ndipo tunapovaa mabuti.

Chini ya mivengi, miti ya asili ya mabondeni, udongo ni mweusi, ukiufinya kiganjani unalowanisha vidole. Hatua chache mbele, chini ya milingoti, majani makavu yanavunjika kwa kila unapokanyaga na jembe linagonga ukavu. Sisemi mlingoti ni adui. Kilimani unasomesha watoto. Chanzoni ndipo usipostahili.

Wala si kila mahali pa kupanda miche ili kurudisha msitu wa chanzo. Penye visiki hai, zuia moto na mifugo, msitu utajirudia wenyewe. Miche ipelekwe pale pasipobaki kitu.

Na kabla ya kununua hata mche mmoja, tunatembea na wazee wa kijiji. Mzee akisema, "Hapa ndipo mama zetu walipochotea," tunachukua nukta hiyo kwa GPS na kuiweka kwenye ramani, kisha tunarudi kwenye picha za zamani kutazama palifunikwa na nini.