"Lakini Fundi, Koki Nilifunga!"

Juni ikishaingia na baridi ya kugandisha maji huku Nyanda za Juu Kusini mwa Tanzania, simu yangu huanza kulia kati ya saa tatu na saa nne asubuhi. Maneno ni yaleyale: "Fundi, kamwene. Bomba la bustani limepasuka, na koki nilifunga kabisa." Nimeyasikia Njombe mjini, nimeyasikia Makete, na Mafinga nimeyasikia kwa mwalimu mmoja mstaafu ambaye nyasi zake zinapendeza kuliko uwanja wa mpira. Mwaka huu nayaandika mara moja. Atakayepiga nitamtumia haya, nami nimalize chai yangu.

"Nikifunga koki, vinyunyizio viko salama."

Haviko. Ukifunga koki umezuia maji mapya yasiingie, basi. Yale yaliyokwisha kuingia bado yamo: kwenye bomba, kwenye miguu ya vinyunyizio, kwenye kikombe cha chujio, kwenye tumbo la pampu. Hayo ndiyo yatakayoganda.

Maji yakiwa barafu hutanuka kwa karibu asilimia 9. Huanza kuganda mahali palipo wazi, mara nyingi pale bomba linapochomoza kutoka ardhini, na hapo barafu inakuwa kama gunzi lililoshindiliwa kwenye chupa. Inaendelea kukua huku inasukuma maji yaliyobaki kuelekea kwenye koki uliyoikaza. Maji hayashindiliki. Presha inapanda mpaka kitu kimoja kikubali kushindwa: kiungo cha bomba kama elbo (ile ya kona) au soketi, au koki yenyewe. Ndiyo maana mara nyingi ninakuta ufa uko pembeni kabisa, si pale palipoganda.

Mwalimu wangu wa Mafinga alikaza koki yake kwa plaisi, eti baridi isipenye. Niliifungua mbele yake. Ilikuwa koki ya shaba ya mpini, ile ambayo ndani ina gololi yenye tundu. Ubavuni ilikuwa na ufa mwembamba kama unywele, kuanzia shingoni mpaka chini. Koki ya namna hiyo ukiifunga, tundu la gololi hukingama na kubana maji kidogo humo ndani, pengine hayajai kijiko cha chai. Hayo tu yanatosha kupasua shaba. Alinitazama kana kwamba namdanganya.

Kwa hiyo funga, *halafu mwaga*. Funga koki kuu, ile iliyo ndani ya nyumba au iliyofukiwa kwenye shimo lenye mfuniko. Fungua koki ya kumwagia, yaani ya kutolea maji yaliyobaki, iliyo chini kabisa ya mteremko, kisha fungua na ile ya juu kabisa ili hewa iingie. Usipofanya hivyo maji yatang'ang'ania humo kama soda kwenye mrija uliouziba juu kwa kidole. Fungua kikombe cha chujio na nati ya chini ya pampu. Koki za mpini zilizobaki huko bustanini ziache nusu wazi, mpini umelala mshazari, na uache vyote hivyo mpaka asubuhi. Ukizoea ni kazi ya robo saa.

Huna koki ya kumwagia? Basi aliyekufungia mfumo amekudhulumu. Tii moja (kiungo cha njia tatu) na koki moja sehemu ya chini, na hilo limekwisha. Kwangu mimi, bustani ya nyanda za juu isiyo na koki hiyo haijakamilika, hata vinyunyizio vyake viwe vya bei gani.

"Ni jua lililopasua, usiku halikuvuja."

Usiku bomba lilikuwa limezibwa na barafu. Ufa ulitokea alfajiri, jua likayeyusha kizibo, ndipo ukaona chemchemi. Wengine hapo huilaumu mamlaka ya maji kwa presha. Safari hii wanaionea.

"Kipimajoto cha barazani kilisoma nyuzi 3."

Barazani kuna paa. Usiku usio na mawingu wala upepo, nyasi na bomba jeusi lililolala juu yake hupoteza joto kuelekea angani na kupoa kuliko hewa iliyo usawa wa kichwa chako. Hewa baridi nayo ni nzito, inateremka na kujikusanya mabondeni. Jirani wa mlimani anaweza kuamka na umande wakati wewe wa bondeni unakanyaga sakitu, ile barafu nyembamba ya juu ya nyasi, inayolia *kwaru kwaru*. Jioni tazama mbingu. Nyota zikiwa zimejaa na miti imetulia, kamwage.

"Nimevingirisha matambara."

Tambara halina joto lake, linachelewesha tu. Kwetu kuchelewesha kunasaidia, maana baridi kali ni ya saa chache kabla ya mapambazuko. Lakini liwe kavu. Sponji iliyofunikwa nailoni, sawa. Shuka kuukuu lililolowa umande, afadhali uliache kitandani.

"Bomba lizikwe mita moja kama Ulaya."

Huko baridi hukaa miezi na ardhi yenyewe inaganda. Hapa jua linarudi kila siku. Sentimita 40 zinatosha, na zinakukinga zaidi na jembe kuliko baridi. Pesa ya kuchimba mtaro mrefu itie kwenye vile vinavyochomoza juu.

"Mwenye parachichi ananyunyizia usiku kucha, nami nitafanya hivyo."

Maji yanapoganda hutoa joto, na joto hilo hulinda mti ikiwa maji hayakatiki mpaka barafu iyeyuke yenyewe asubuhi. Tangi lako la lita 2,000 litaisha saa tisa usiku, na majani yaliyolowa yakiachwa hapo hupoa kuliko kama yasingeguswa. Halafu bomba lako ndilo hilo limejaa maji.

Na kama limeshaganda, usimwage maji yanayochemka juu ya plastiki, wala usilisogezee jiko la mkaa. Nimeshakuta elbo imenywea kama mshumaa. Fungua koki iliyo karibu, funika bomba kwa kitambaa cha maji ya uvuguvugu, anzia upande wa koki hiyo ukirudi nyuma. Au subiri jua, ukiwa umeshafunga koki kuu.

Mwalimu siku hizi anamwaga kila jioni, Juni mpaka Agosti. Bado ananipigia, ila sasa ni habari za fuko anayefukua nyasi zake.